Luulaya Hatakufa Leo

Mgeni rasmi, Hajji Kadar, Ma'allim Guled, wazee wa mtaa, mama zetu, dada zetu, na ninyi majirani wa Iftin mliobaki mlangoni kwa kuwa mikeka ya kukalia haikutosha: assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

KARIBU

Hajji, karibu katika ukumbi wa wasusi. Maziwa ya ngamia uliyopewa yametoka katika kibuyu alichokifukiza Mama Rukiyo kwa mkono wake, kwa hiyo unywe bila wasiwasi. Tumeona kwamba ulipokaa tu ulitazama juu, ukamtazama dereva wako, kisha ukatazama juu tena. Tutafika huko juu. Risala ina mpangilio wake, na sisi tumeamua kuufuata.

Anayesoma ni Ugbad. Wengi wenu hamjawahi kuisikia sauti yake, ingawa mnapita mlangoni kwake kila siku. Alizaliwa katika kambi ya Dagahaley, akasoma huko hadi darasa la sita, mama yake akaugua, shule ikaishia hapo. Akaletwa Iftin kwa habaryar wake, yaani dada wa mama yake, naye akamtia sindano mkononi. Ugbad ana haya. Ukimsalimu, huujibu mkeka badala yako. Lakini mikono yake ikiwa inasuka, sauti hutoka yenyewe. Ukimnyang'anya sindano, inazimika. Ndiyo maana leo Mama Rukiyo amemshikia karatasi, naye anasoma huku anasuka. Usidhani ni dharau. Na kila mahali risala hii inapomtaja Ugbad, inamtaja kwa jina kama mtu aliye mbali, kwa sababu neno "mimi" humkwama kooni mbele ya watu. Hata hivyo, maneno haya ni ya kwetu sote, na tumeyapitisha sote.

Tunajua ulichokuja kusikia. Ulitupa mabati ya kuezeka ukumbi huu, ukayatia sharti moja: kwamba siku ya kuufungua, mbele ya watu, Ugbad asimulie kifo cha Luulaya, yule mungu wa kike wa mapenzi aliye katika hadithi yetu. Ulisema hivi: "Afe kwa mdomo uleule uliomleta." Mdomo huo ndio unaousikia sasa.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni kusuka aqal, nyumba ya mikeka ya bibi harusi. Siku hizi nyumba nyingi za mji ni za mawe, lakini hakuna mama wa kwetu anayekubali bintiye aolewe bila aqal kusimamishwa hata kama ni uani, hata kama ni kwa siku saba tu. Kwa hiyo kazi haijafa.

Wasiojua kazi hii tuwaeleze kidogo, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Nyuzi tunazipata kwa magome ya mgunga. Gome halilainiki kwa maji peke yake. Ni lazima litafunwe. Nusu yetu hutafuna, nusu yetu hushona. Anayetafuna ana kinywa kilichojaa, taya linamuuma, ulimi umekuwa mchungu. Hawezi kusema wala kucheka. Hata kumwambia mwenzake "nyamaza" hawezi.

Ugbad aliketi miongoni mwetu muda mrefu bila neno. Kisha mchana mmoja, washonaji wengine walikuwa wamekwenda kuswali na waliobaki wote walikuwa watafunaji, akainua macho akaona ajabu: chumba kizima cha wanawake wasioweza kumkatiza. Akainamisha kichwa, akavuta uzi, akasema, "Kulikuwa na nchi inaitwa Daruura."

Tukageuka wote. Fathi, ambaye hata msikitini hutakiwa kupunguza sauti, alikaribia kumeza gome.

Hajji, wewe hukuisikia hadithi hiyo ila kwa wapashaji habari, kwa hiyo sasa uisikie kwa wenyewe. Daruura kuna miezi miwili angani isiyosalimiana. Kuna ngamia wanaokumbuka majina ya babu zao, na ukimtukana mmoja, ukoo wake wote hugoma kutoa maziwa. Kuna mto mmoja tu, nao haukai mahali. Mto wa Daruura unahama kama watu. Asubuhi hukunja maji yake, ukaondoka, na wenye akili huamka mapema kuufuata.

Na kuna Luulaya. Watu wa Daruura humwabudu kwa ajili ya mapenzi. Hataki damu wala ubani. Hataki mtu ampigie magoti. Nyumba yake ya ibada ni aqal iliyo wazi upande mmoja, mkeka mmoja haupo, na wahudumu wake ni wanawake wenye midomo iliyobadilika rangi kwa magome. Msichana anayeolewa huletwa pale. Haulizwi ukoo, haulizwi mahari. Huulizwa neno moja: "Umekuja kwa miguu yako?" Akisema ndiyo, wanawake husuka mkeka uliobaki, wakamfungia nyumba, na mto hulala mlangoni pake usiku huo. Akisema hapana, au akinyamaza, wanawake hukata fundo la kwanza, nyumba nzima hulala chini, na jamaa za bwana harusi hubeba miti yote kurudi kwao kwa migongo yao wenyewe. Hawaruhusiwi ngamia. Wanaume wa Daruura hawaogopi vita kama wanavyoogopa safari hiyo.

Hayo ndiyo aliyoyaleta Ugbad. Alikuwa akihadithia urefu wa mkeka mmoja kwa siku. Mkeka ukiisha, hadithi inakatika hapo hapo, hata kama mtu ananing'inia kisimani. Tulianza kusuka haraka zaidi.

MAFANIKIO

Tumesuka nyumba za mabibi harusi wa Iftin, wa bulla mbalimbali, yaani mitaa mingine ya mji, na mbili zilizopakiwa kwenye lori hadi Dadaab. Tumepata wanachama waliokuwa wakikaa nyumbani na huzuni zao. Mmoja alifiwa na watoto, akawa haongei na mtu. Sasa ndiye anayegombana na Ugbad kwamba miezi ile miwili ipatanishwe. Kuta za ukumbi huu tulizijenga wenyewe.

Lakini fanikio kubwa ni moja, na ndilo lililokuudhi. Hatutalizungukia.

Uliagiza aqal kwa ajili ya harusi ya Awil, mwana wa ndugu yako. Bibi harusi alikuwa Bilan, binti wa Mama Rukiyo, ambaye yuko gredi ya saba. Mama Rukiyo alikubali. Mwenyewe ametuamuru tuandike kwamba alikubali. Ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi, na katika ukame ule gari lako la maji lilisimama mlangoni kwake wakati hakuna gari lingine lililosimama. Hilo hatujalisahau, Hajji, na hatutalisahau. Alikukubalia kwa sababu hakujua jinsi ya kumkatalia mtu aliyemnywesha.

Tulikuwa tunaisuka nyumba hiyo alasiri. Bilan alitoka shule, akaingia na sare yake, akaketi kona, akachukua gome akaanza kutafuna kama sisi. Si kawaida msichana kusuka nyumba yake mwenyewe, lakini nani angemfukuza? Ugbad alikuwa anahadithia. Siku hiyo katika hadithi kulikuwa na msichana mmoja wa Daruura ameletwa mbele ya Luulaya, na wanawake wakamzunguka, wakamuuliza, "Umekuja kwa miguu yako?"

Bilan akatema gome. Akasema, "Hapana."

Tukadhani anacheza. Fathi naye akatema lake, maana hawezi kupitwa na mchezo. "Abaayo, dada yangu, tulia. Hujaulizwa wewe."

"Najua," Bilan akasema. "Sijaulizwa."

Sindano ya Ugbad ilisimama katikati ya mkeka. Alitaka kuendelea na hadithi, kwa kuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kutoka chumbani bila kuinuka, lakini mikono ilikataa. Akamtazama Mama Rukiyo. Sote tulimtazama Mama Rukiyo.

Mama Rukiyo alitema gome kiganjani, akalikunja ndani ya leso yake polepole, kama mtu anayehifadhi kitu cha thamani. Kisha akamgeukia binti yake.

"Bilan. Umekuja kwa miguu yako?"

"Hapana, hooyo."

"Sema tena. Wanawake wasikie."

"Hapana."

Akachukua kisu cha magome, akakata fundo la kwanza.

Baadaye tulimuuliza kwa nini hakumuuliza mtoto nyumbani, wawili tu. Alisema, "Nikiwa peke yangu naye, niliogopa jibu. Hapa mlikuwapo."

Leo Bilan hayumo ukumbini, na kama kuna mtu alikuja kumtazama, atarudi hivyo hivyo. Leo ni Jumanne. Bilan yuko darasani.

TULIPOKOSEA

Risala nyingi hazina kichwa hiki. Yetu inacho, kwa sababu kosa lipo na tunataka lijulikane ukubwa wake halisi, lisije likapimwa na wengine.

Uzi ukikatika kazini, msusi hukasirika. Zamani tulikuwa tukilaani. Baada ya Ugbad kutuletea hadithi, tukaanza mzaha: uzi ukikatika, mtu husema, "Luulaya amekata!" tukacheka, tukafunga fundo, tukaendelea. Fathi alikuwa akisema hivyo hata kanga ikimchanika sokoni. Na siku watu wa Awil walipokuja na pikapu kuchukua miti ya nyumba, ni Fathi aliyesimama mlangoni akawaambia, "Kwa kanuni za Daruura, mnabeba kwa mgongo." Tulicheka sana. Wao hawakucheka.

Mzaha ule ulipaswa kubaki ndani ya mlango wetu. Haukubaki. Binti mdogo wa Fathi alikuwa duksi, yaani madrasa, anasoma Kurani, kamba ya ubao wake ikakatika. Mbele ya mwalimu na watoto wote akapaza sauti: "Luulaya amekata!"

Ma'allim Guled akatuita. Yuko hapa, atusahihishe tukiongeza chumvi. Tulikwenda wote, tukasimama uani mwa duksi, Ugbad amegeukia ukuta, ana kipande cha mkeka mikononi kwa sababu tulijua ataulizwa.

Ma'allim akauliza, "Mnamsujudia huyo?"

"La, Ma'allim."

"Mnamwomba? Mvua, watoto, chochote?"

Fathi akasema, "Ma'allim, hata mto wake haukai mahali. Mvua tutamwombaje?"

"Fathi, nyamaza kidogo. Nani anaihadithia?"

Tukamsukuma Ugbad mbele, mgongo kwanza.

"Binti yangu, huyo mwanamke wa hadithi anataka nini kwa watu wake?"

Ugbad akashona mshono mmoja, wa pili, wa tatu. "Anataka msichana aulizwe kabla ya kuozwa," akasema.

Ma'allim akaitazama ile kamba ya ubao iliyofungwa fundo. Kisha akasema, "Hilo halihitaji mungu wa hadithi. Hilo sisi tumeamrishwa." Akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Tumeamrishwa, na mpaka wakatukumbusha watu wa nchi isiyokuwapo." Akatuonya kwamba jina lile lisitamkwe tena kama kiapo wala kama mzaha. Tukakubali. Tangu siku hiyo uzi ukikatika tunasema astaghfirullah, na watoto wamefundishwa. Hilo ndilo kosa letu lote. Tumeshalirekebisha.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni wewe, Hajji. Tunasema kwa heshima.

Wewe hukwenda kwa Ma'allim kuuliza. Ulikwenda mnadani, mahali pa ngamia na mbuzi, ukasema kwamba wanawake wa Iftin wamejifanyia sanamu. Maneno ya mnadani huondoka na mifugo. Yalifika Wajir kabla ya Ijumaa. Wateja wawili wakavunja oda za nyumba. Ugbad akatupiwa maneno njiani na watu ambao hawajui hata uso wake, na yeye, ambaye kusalimiwa tu kunamtesa, akaanza kupita nyuma ya nyumba, kwenye miiba.

Kisha ukaja hapa mwenyewe. Ulisimama pale mlangoni, fimbo mkononi, ukasema, "Naa, ninyi wanawake, ni nani anawafundisha wasichana kukataa?"

Fathi akakujibu kama anayemjibu ami yake, "Adeer, ni mwanamke mmoja wa Daruura."

"Daruura ndiyo wapi? Upande wa Mandera?"

"Mbele kidogo ya hapo."

Ukakasirika, na tunakiri kwamba ulistahili jibu jingine. Lakini tazama ulivyofanya baada ya hasira. Hukumtaja Awil. Hukumtaja Bilan wala fundo lililokatwa. Ulizungumza juu ya dini tu, ukazungumza juu ya jua linavyotuchoma katika kuta zisizo na paa, ukaahidi mabati. Na sharti. Ulidhani mungu wa hadithi akifa, na wasichana nao watanyamaza.

Tuseme wazi: kama ungekuwa unaiogopea dini, Hajji, Ma'allim amekwisha kujibu. Wewe unaliogopea swali. Luulaya hana kitu kingine zaidi ya swali lake. Ukimuua yeye, ndilo unaloliua.

TULIVYOJARIBU

Tulijaribu. Usidhani tulikaidi tangu mwanzo. Mabati yalikuja, tukayapandisha, tukaketi kivulini kwa mara ya kwanza, na kivuli ni kitamu. Tukamwambia Ugbad, "Haya. Muue, tumalize." Tukatafuna kidogo siku hiyo, ili vinywa vipatikane vya kumsaidia.

"Aumwe na nyoka," mmoja akasema.

"Nyoka wa Daruura hawana meno," mwingine akasema. "Si yaling'olewa kwenye ule mkeka wa harusi ya Dadaab?"

"Basi afe kwa kiu."

"Na mto unamfuata? Atakufaje kwa kiu mtu anayefuatwa na mto?"

"Apigwe na radi."

"Radi ni shangazi yake, abaayo. Ulikuwa umelala?"

"Azeeke tu! Watu hawazeeki?"

Yule mama aliyefiwa na watoto akasema, "Akifa, nani atapatanisha miezi yangu?" Akaanza kulia. Tukaona aibu.

Ugbad alikuwa ameinama. Alishajaribu kimoyomoyo kifo hiki na kile, na kila alipomfikisha Luulaya ukingoni, alimwona msichana wa gredi ya saba kona ile, na gome mkononi, akingoja kuulizwa. Nani angekuja kumuuliza anayefuata? Aliuona mkeka ulipofikia. Ulibaki upana wa kiganja. Siku zote hapo ndipo alipoharakisha, ili hadithi na mkeka viishe pamoja. Siku hiyo aliweka sindano chini.

Tulidhani basi, ndiyo imekwisha sauti. Tumemjua hivyo miaka yote: bila sindano hakuna neno.

"Hafi," Ugbad akasema, mikono mitupu.

Fathi akauliza, "Na mabati?"

"Yake ayachukue."

Hakusema zaidi. Akachukua sindano tena, akashona hadi Maghribi. Lakini alikuwa amekwisha kusema, na sisi tulikuwa tumekwisha kusikia. Kesho yake Fathi akapanda ngazi na koleo ya kung'olea misumari.

MAOMBI

Kwa kawaida hapa ndipo kikundi humwomba mgeni rasmi vyerehani, tangi la maji, au gari. Sisi tuna maombi ya namna yetu.

Kwanza, Hajji, tazama juu sasa. Tunashukuru kwa subira yako. Hayo si mabati. Ni mikeka ya nyumba uliyoiagiza kwa ajili ya Bilan. Mikeka ya aqal ni mali ya mama wa bibi harusi, kila mtu wa kwetu anajua hivyo, na mama huyo ameupa ukumbi wetu kivuli. Miti ilichukuliwa na pikapu, kwa hiyo tumekata mingine. Umekaa chini ya nyumba ya Bilan tangu ulipoingia, na umeona mwenyewe kwamba haivuji jua ila pale mashariki, palipokuwa na mkeka uliokatwa fundo la kwanza. Mabati yako yamepangwa nyuma ya ukumbi, hakuna hata moja lililopinda. Misumari imo ndani ya kopo. Tunaomba uondoke nayo leo, na gari tumeshaliita. Hatukutaka uyabebe kwa mgongo.

Pili, tunaomba maneno uliyoyasema mnadani uyarudishe mnadani. Si hapa, si kwa minong'ono. Pale pale, siku ya mnada, kwa sauti ile ile.

Tatu, tunaomba usimkate Mama Rukiyo maji. Kama ulimpa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu hajavunja uchumba na mtu. Na kama ulimpa kwa ajili ya Awil, basi sema hivyo mbele ya watu hawa, tujue tulikuwa tunakunywa nini.

Na jambo la mwisho si ombi, ni taarifa. Kuanzia sasa, mtu yeyote akituagiza aqal, awe tajiri au awe maskini, wa ukoo wowote, hatutaanza uzi wa kwanza kabla bibi harusi hajaletwa hapa akaulizwa na wanawake. Asiyetaka hilo akasukiwe kwingine. Akimpata wa kumsukia.

ULICHOKUJA KUSIKIA

Lakini tulikuahidi kwamba leo Ugbad atahadithia habari ya Luulaya mbele ya watu, na ahadi tunaitimiza. Mkeka anaousuka tangu tuanze kusoma ni ule wa mashariki. Umebaki mdogo.

Luulaya hakuwa na nyumba. Aliwasimamishia nyumba watu wote wa Daruura, yeye akalala nje, mto miguuni pake. Si kwamba hakutakwa. Radi ilimletea wana wa mawingu, na kila mwana alikuja na baba zake na baba za baba zake, wakaketi na mto wakazungumza bei, wakaondoka. Hakuna aliyegeuka kumtazama ameketi wapi.

Kisha mto ukahama, ukaacha kijiji kimoja nyuma, na katika kijiji hicho alikuwamo mchimba visima mmoja aliyekataa kuufuata. Jina lake Bare. Alikuwa mwanadamu tu, na kucha zake zilijaa udongo. Luulaya akapita, akamwona yuko chini shimoni, akamwambia, "Toka humo, utafukiwa. Mto umekwenda." Naye akasema kutoka chini, "Wazee hawawezi kutembea. Nawachimbia wao." Luulaya akaketi ukingoni. Akakaa siku hiyo na siku iliyofuata. Maji yalipotoka, Bare alipanda juu, akampa kata ya kwanza, akamuuliza jambo ambalo katika nchi yote ya Daruura hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye swali: "Na wewe, ungependa kukaa?"

Wanawake wenye midomo ya magome wakasimamisha aqal hapo kisimani. Wakaacha mkeka mmoja. Wakamzunguka mungu wao, wakiogopa, kwa maana hawakujua kama sheria yake inamhusu na yeye. Mkubwa wao akajipa moyo. Akauliza, "Luulaya, umekuja kwa miguu yako?"

Miezi miwili ikageuka kutazama, na kwa kutazama ikatazamana.

Naye Luulaya akasema, bila kuinamisha uso, na watu wote wakasikia mpaka nje mlangoni:

"Mimi nimekuja kwa miguu yangu."

DUA

Mkeka umekwisha. Fathi na ngazi yake wako tayari kuufunga pale juu, na ukishafungwa, Hajji, ukumbi huu utakuwa umefunguliwa. Utepe hatukununua, wala mkasi hatuna haja nao. Vya kukatwa vilikwisha kukatwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, aliye Mmoja, asiye na mshirika katika nchi hii wala katika nchi yoyote ya hadithi, akurudishe nyumbani salama, akupe mvua kwenye malisho yako, awape ngamia wako ndama, na ampe Awil mke atakayekuja kwa hiari yake. Azilinde nyumba tulizosuka na waliomo. Amlinde Bilan njiani atokapo shule jioni. Na binti zako mwenyewe, Hajji, wanne wale tunaowajua kwa majina, siku yao itakapofika, awape mtu wa kuwauliza. Amin.

Ni sisi wasusi, na tutakuwapo hapa kesho asubuhi tukitafuna,

Kikundi cha Wanawake Wasusi wa Aqal, Iftin, Garissa.